Ondoa Hiyo "Tu"

Nairobi ukimsalimia mtu, ukamuuliza uko aje, mara nyingi atakujibu, "Niko tu." Si kwamba anaumwa, si kwamba amefurahi. Yuko tu. Ukimuuliza kazi, anauza nguo tu. Ukimuuliza amekula nini, sukuma wiki tu. Mimi pia nilijibu hivyo miaka mingi bila kujisikia, mpaka siku nilipoingia katika kanisa la mabati pale Gatwekera, Kibera, kuomba nafasi kwenye kwaya, na mwalimu wa kwaya akaniuliza, "Mama, uko aje?"

"Niko tu, Mwalimu."

Akashusha kijiti chake, ambacho kwa kweli kilikuwa mpini wa mwiko uliovunjika. "Ondoa hiyo tu."

"Ati nini?"

"Hiyo tu umeweka hapo nyuma. Iondoe, halafu useme tena."

Nikatazama huku na huku. Kwaya nzima ilikuwa imeuma midomo kuzuia kicheko, nikajua nimeanguka kwenye shimo ambalo kila mmoja wao alishaliangukia. Nikasema, "Niko," kwa sauti ya mtoto anayelazimishwa kumeza dawa.

"Sasa uko," akasema. "Mtu ambaye yuko tu simpangii sauti. Hata yeye mwenyewe hajafika."

Akanipa alto, na tangu siku hiyo hakuniita jina lingine. Kwake watu walikuwa sauti zao. Akinyi, anayeuza dagaa wa omena pale chini, alikuwa Soprano. Musembi, kibarua wa mjengo, mwenye kifua kama mlango wa stoo, alikuwa Besi. Hata mkewe, ambaye sisi sote tulimwita Mama Mwalimu, yeye alimwita Tena, kwa sababu ana sauti nzito ya kupendeza. Majirani wapya walidhani anamwambia arudie kitu.

Nasimulia haya kwa sababu mzee huyu, aliyefukuza hiyo tu vinywani mwetu kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi, alikuja kupatwa na kiharusi, kikamwachia neno moja peke yake mdomoni, na neno lenyewe likawa hilohilo. Lakini nikianza na hapo nitalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Wacha nianze na mdomo wake ulipokuwa mzima.

Kazi yake ilikuwa kushona viatu. Kibanda chake kilikuwa Mashimoni, hapohapo Kibera, ubavuni mwa kioski ya maji, kwa hivyo wanaopanga foleni na mitungi yao walipata mahubiri bila kuyaomba. Alipiga misumari kwa mdundo, na mdundo ukishakaa sawa alianza kuimba, na akishaimba hakuna aliyepona. "Wewe dada, usibebe mtungi na mgongo! Vuta pumzi kwanza, pinda magoti, halafu inuka na pumzi!" Wengine walimcheka. Wengine walimwambia, Mzee, shona kiatu. Lakini nimewaona kwa macho yangu akina mama wakivuta pumzi kabla ya kuinua mtungi, hata siku ambazo kibanda kimefungwa.

Pumzi ndiyo ilikuwa dini yake ya pili. Alisema ni chakula cha kwanza mtu anachokula akizaliwa, na cha pekee ambacho hakuna mtu atakuuzia. Kanisa letu liko juu, na ukitoka upande wa mtoni kuna kilima cha matope ambacho mvua ikinyesha kinakuwa sabuni. Mwalimu mwingine angetuhurumia. Yeye alitupeleka chini Jumamosi, akatupanga, tupande tukiimba. Anayekata wimbo katikati anarudi chini. Watoto walitufuata, mbwa walitufuata, na mara moja bibi harusi mzima aliyekuwa akipita akasimama na watu wake kututazama. Wimbo tuliopandia alikuwa ameutunga mwenyewe kwa ajili ya kupasha sauti moto, wimbo mfupi wa maneno machache:

Tuko, tuko, tuko hapa,
tumeamka, tuko hapa.

Ukiumaliza unaurudia, lakini juu kidogo. Halafu juu tena. Halafu juu, mpaka Akinyi peke yake ndiye amebaki anaweza, na sisi wengine tunapumua kama bodaboda mbovu.

Musembi ndiye aliyethubutu. "Mwalimu, mimi niko na swali. Wewe hutaki tu, na wimbo wako umeanza na tu. Sasa hiyo ni nini?"

Tukasogea kando, maana tulijua hasira za Mzee. Akamnyooshea kijiti.

"Besi, una kichwa kigumu, lakini kinafikiria. Skiza. Tu ikikaa mbele, inakusanya watu. Tuko. Tunaimba. Tumefika. Ikikaa nyuma, inapunguza mtu. Niko tu. Fundi tu. Mgonjwa tu. Ya mbele niachieni. Ya nyuma chomeni."

Musembi akasema, "Sawa, nimeelewa tu." Alirudishwa mtoni peke yake.

Kwa chakula hakuwa na maneno mengi, alikuwa na macho. Mazoezi yakiisha alimuuliza kila mtu amekula nini, na ole wako utaje kitu kwa kukidharau. Siku moja dada mmoja wa soprano alisema amekula ugali na sukuma tu, kwa ile sauti ya kuomba radhi. Mzee akashika kichwa. "Majani mabichi, yamechumwa asubuhi, yamekatwa mbele yako, na unaniambia kama umeiba? Ungekula soseji ungepiga kifua! Si ndio?" Alipenda mboga za managu, alipenda terere, alipenda omena za Akinyi, na siku za mazoezi marefu Mama Mwalimu alileta sufuria ya muthokoi na kunde, yale mahindi yaliyokobolewa wanavyopika kwao Kitui, tukala tukiwa tumekaa kwenye mabenchi ya kanisa, vijiko vikigongana. Alisema sahani ya rangi moja ni sahani ya huzuni.

Mimi wakati huo nilikuwa nimehamia Kawangware, nimefungua saluni pale kituo cha 56, na chakula changu cha mchana kilikuwa chipsi na soda, kila siku, nikisimama, mkono mmoja kwenye nywele za mteja. Nilikuwa nachoka ovyo. Usiku silali, asubuhi siamki. Jumamosi moja nikaingia kwenye wimbo na badala ya sauti ikatoka hewa ya soda. Mzee akasimamisha kwaya.

"Alto, umeimba ama umecheua?"

Wueh! Watu walicheka mpaka mtu akaanguka kwenye benchi. Mimi sikucheka. Nilirudi Kawangware nimefura, na kwa hasira hiyo hiyo, nikitaka kumwonyesha, nikaacha soda. Kisha nikaanza kubeba githeri ya mahindi na maharagwe kwa bakuli. Kisha nikaanza kutembea Jumamosi kutoka 56 mpaka Kibera, kupitia Dagoretti Corner, nikifanyia mazoezi sehemu yangu njiani, na watu wakinitazama kama nimepagawa. Nilianza kulala. Sketi zikaanza kuzunguka kiunoni zenyewe.

Hapo ndipo nilipoona cha mtema kuni, maana kwetu mtu akinenepa anaambiwa amenawiri, Mungu amemkumbuka. Akipungua, ana jambo. Majirani wa ploti walianza kuniangalia kwa upole. "Umepungua sana, mama. Kwani ni nini?" Nikisema ni mazoezi, wanaitikia kwa vichwa, kule kuitikia kwa huruma. Jumapili moja jioni wakanijia, kikundi kizima cha akina mama, wamevaa leso, wamebeba kikapu. Waliomba mpaka jasho likawatoka, wakafukuza kila ugonjwa wanaoujua kwa jina. Kisha wakafungua kikapu: sukari, unga mweupe, kopo la mafuta ya kupikia, na chupa ya soda ya kunirudishia nguvu.

Nilipomsimulia Mwalimu, alicheka kwa mara ya kwanza mbele yangu, kicheko cha kukohoa, akishika kibanda kisimwangukie. Kisha akakatiza. "Lakini walikuja, Alto. Watu walitembea mpaka kwako. Kesho uwapikie managu." Nikawapikia. Wawili kati yao sasa hutembea nami asubuhi, na mmoja wao, aliyeomba kwa sauti kubwa kuliko wote, ndiye siku hizi anaulizwa kama anaumwa.

Usidhani alikuwa malaika. Mtu aliyetuhubiria kuwaza mema alikuwa na hasira ya pilipili. Aliwahi kurusha kile kijiti kikatoka dirishani, na ikabidi mazoezi yasimame mpaka kitafutwe kwenye mtaro. Aliogopa mbwa, mwanaume mzima anayetuambia tushinde hofu, akiona mbwa njiani anajificha nyuma ya Mama Mwalimu. Na mandazi! Alitupiga marufuku mandazi. Sasa Akinyi akapeleka gumboot yake ishonwe, akarudi mapema kabla ya muda, akaingiza mkono kuona kama imekauka, akatoa mandazi mawili ya moto, yamefungwa kwenye karatasi.

"Mwalimu, hii ni nini?"

Mzee hakupepesa. "Nilikuwa napima kama mguu wako utaingia."

Kinyozi hajinyoi, ndivyo watu husema, na katika jambo moja methali hiyo haikuwa ya kuchekesha. Alikuwa ametuandama kwaya nzima tukapimwe presha kwenye kliniki. Hakuwa mtu wa kupinga madaktari. "Wimbo si dawa," alisema, "wimbo ni jirani ya dawa. Nendeni kote kuwili." Tukaenda, tukapanga mstari, na mimi nikaambiwa yangu iko juu, nikaanza kumeza vidonge ninavyomeza hadi leo. Na yeye? Alibaki nje kwenye ngazi, ameshika mikoba yetu yote, mabegani, shingoni, mikononi. Tulimcheka, tukasema anafanana na duka. Hakuna aliyemwambia, leta hiyo mikoba nikushikie, ingia. Hata mkewe alidhani alishapimwa.

Bado sijasema alivyoelewa huko kuwaza mema kwake, na nisiposema utadhani alikuwa mtu wa kutabasamu ovyo. Barabara ilipopanuliwa, kibanda changu cha kwanza pale 56 kilibomolewa asubuhi moja. Vioo, viti, drayo ya kukaushia nywele, kila kitu chini ya mbao. Mchana Mwalimu akatokea, ametembea kutoka Mashimoni, vumbi mpaka magotini. Hakuniambia Mungu ana mpango. Hakuniambia nisilie. Alikaa kando yangu juu ya kiti kilichovunjika mguu mmoja, akaniacha nikalia mpaka nikachoka. Kisha akauliza, "Umebaki na nini?"

"Nimebaki na mikono tu."

Alingoja. Nilijua anangoja nini, na nilimchukia kwa dakika nzima.

"Nimebaki na mikono," nikasema.

"Ee," akasema. "Hiyo ni hesabu tofauti kabisa."

Wiki hiyo nilisuka wateja nyumbani kwangu, nimekaa juu ya ndoo. Ndiyo mikono iliyojenga saluni niliyonayo sasa. Nilimpenda yule mzee, nasema wazi, kama baba, na zaidi ya baba, maana baba hukuchukua ulivyo kwa sababu hana la kufanya.

Kiharusi kilimkuta kazini. Mama wa kioski ya maji alisema alijua kwa sababu nyundo ilinyamaza katikati ya mdundo, na yeye hakuwa mtu wa kukata wimbo katikati. Walimkuta ameegemea ukuta, kiatu cha mtu mapajani, mdomo umekwenda upande. Musembi alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Hospitalini walisema ni presha, ya miaka. Mkono wa kulia ulilala, mguu wa kulia ukaburuta, na maneno yakaondoka. Alielewa kila kitu tulichosema, uliona machoni, lakini akifungua mdomo linatoka neno moja.

"Tu."

Unataka maji? Tu. Uchungu uko wapi, Mwalimu? Tu. Nilisimama kando ya kitanda kile nikajiuliza Mungu ana mzaha wa namna gani. Umchukulie mtu kamusi nzima, umwachie neno moja, na uchague lile alilolichukia maisha yake yote!

Daktari alisema kuna tumaini, mradi ameze dawa, afanye mazoezi ya mkono na mguu, na watu waongee naye kila siku, wasichoke. Akarudishwa nyumbani Mashimoni. Na hapo ndipo sisi, kwa mapenzi yetu, tukaharibu. Tulikwenda kumwona, kweli, kila siku kulikuwa na mtu. Lakini mtu akiingia na kumuuliza "Mwalimu, uko aje?" anajibiwa "Tu," na chumba kizima kinainama. Ilituuma sana kumsikia. Ilikuwa kama kumwona mtu mwenye heshima zake akiwa amevaa nguo iliyogeuzwa ndani nje. Kwa hivyo tukakubaliana, bila hata kikao, tusimuulize tena. Tuliingia tukasema Bwana asifiwe, tukamshika mkono, tukageuka kuongea na Mama Mwalimu habari za bei ya unga. Sisi, watu wa Nairobi, ambao tunasalimiana hata na mtu tunayemchukia, tukaacha kumsalimia Mwalimu.

Akaanza kuzimika. Mwanzoni alikuwa anakunja vidole kama alivyoelekezwa. Akaacha. Alisimamishwa, akakataa kupiga hatua. Mama Mwalimu akimlisha anageuza uso ukutani. "Anachoka na sisi," mama yule aliniambia mlangoni, akipangusa macho na leso. "Anaenda, Alto. Ninamwona akienda." Kwaya nayo ilikuwa inaimba kama watu wanaofunga duka.

Jumamosi moja nilitembea kutoka Kawangware kwenda kumwona, na kichwa kilikuwa kimejaa mambo ya saluni, na mdomo wa saluni husalimia wenyewe. Nikainama mlangoni, nikaingia, nikasema kwa nguvu, "Mwalimu! Uko aje?"

Mama Mwalimu alinifinya. Akinyi, aliyekuwa amekaa kitandani akichambua managu, aliacha mkono hewani. Mzee, kwenye kiti chake, aliinua kichwa.

"Tu."

"Pole, Mwalimu," nikasema. "Pole sana."

Basi akakasirika! Uso ukabadilika, ile pilipili ya zamani ikarudi, mkono wa kushoto ukapiga kiti. "Tu!" Nikarudi nyuma. Akapiga tena. "Tu!" Akinyi akasema, "Woi, umemuudhi, toka nje kidogo." Mzee akapiga tena, jasho linamtoka, ananitazama mimi, kidole cha kushoto kimeinuka, kinanielekea. "Tu!"

Na ni hicho kidole kilichonifungua masikio. Kilikuwa kinaniambia ingia. Na ile hasira, hasira gani hiyo inayopanda ngazi? Mtu aliyekasirika hupayuka. Huyu, kila alipopiga kiti, neno lilikuwa limekwenda juu kidogo. Juu kidogo, halafu juu tena. Nimepanda kilima kile na neno lile mara ngapi mimi, nimeteleza kwenye matope yale na neno lile mdomoni, na nilikuwa nimesimama pale kama gogo silitambui.

Akasema tena, "Tu."

Nikamwekea pale alto inapoingia. "Ko."

Akafumba macho. "Tu."

"Ko," nikaimba, na Akinyi akaitupa managu yote chini akaingia juu yangu, "ko," na Mama Mwalimu akaingia na ile sauti yake nzito huku analia, na mara ya nne au ya tano, sijui, mzee akatangulia mbele yetu sote, kwa sauti iliyopasuka, mdomo umeenda upande, lakini noti yenyewe safi:

"Tuko. Tuko. Tuko hapa."

Nje watu wa foleni ya maji walikuwa wamesimama mlangoni na mitungi yao. Mmoja akaanza kupiga mtungi. Nakuambia chumba kile ni kidogo, kitanda na meza na kiti, lakini siku ile kiliimba kuliko kanisa.

Tulimwelezea daktari, naye hakushangaa. Alisema wimbo wakati mwingine hupitia njia ambayo maneno hayapiti, na kwa kuwa tumeipata njia, tusiiache, tupitishe kila kitu hapo. Mimi nilikuwa nimeshangaa kwa jambo lingine. Siku zote zile tulipomuuliza uko aje, mzee hakuwa anasema yuko tu. Alikuwa anajibu sawasawa. Tuko. Alikuwa anajibu kwa niaba yetu sote, akaishiwa pumzi katikati. Tulimwekea ile ya nyuma mdomoni, kumbe alikuwa ameng'ang'ania ya mbele.

Basi tukamshika. Kutesa ni kwa zamu. Mkono haukunji? Tunaimba, unakunja kwa mdundo. Hataki kula? Akinyi anashika kijiko: "Mwalimu, sahani ina rangi ngapi? Haya, maliza kijani." Chumvi tukaificha. Musembi alimtoa kila asubuhi kabla ya mjengo, wakatembea kandokando ya reli, hatua kwa wimbo, na mzee akikata wimbo katikati Musembi anamrudisha walipoanzia, kwa furaha ambayo Mungu amsamehe. Tuliuliza habari yake kila tulipoingia, kila mmoja, hata watoto, mpaka akachoka kujibu, na kule kuchoka kujibu kulikuwa kujibu. Siku ya kupimwa presha sasa anaingia yeye, anakunja uso kama mtoto, na sisi tunabaki nje na mkoba wake.

Maneno yalirudi kwa kuimbwa kwanza. Aliomba chai kwa wimbo. Alimfokea Musembi kwa wimbo. Baadaye wimbo ukapungua, maneno yakabaki, machache, mazito, kila moja akilitafuta kama mtu anayetafuta msumari kwenye kopo. Kwenye kwaya alikaa kiti cha mbele na kijiti mkono wa kushoto. Siku alipokirusha tena kikatoka dirishani, kwaya nzima ilipiga makofi.

Mwezi uliopita nilikuwa saluni, 56, mchana wa joto, nimeshika kichwa cha mteja, mwingine yuko chini ya drayo. Mlango ukafunikwa na kivuli. Nikainua macho. Alikuwa amesimama na fimbo, vumbi mpaka magotini, shati limelowa mgongoni. Nyuma yake Mama Mwalimu alikuwa anapumua, anacheka, anajipepea na kitambaa.

"Mwalimu! Mmekuja na nini?"

Akanyoosha fimbo akaigusa miguu yake, mmoja, halafu ule mwingine.

"Alikataa hata kusimamisha gari," Mama Mwalimu akasema. "Tumepumzika njia nzima kutoka Kibera, lakini gari hakutaka. Alisema ulitembea ukaja, sasa ni zamu yake."

Nikamvutia kiti, akakaa, akatazama vioo, akatazama mikono yangu iliyojaa mafuta ya nywele, akaitikia kwa kichwa. Mteja wangu wa chini ya drayo, msichana wa watu asiyejua huyu ni nani, akainua ile kofia ya drayo amtazame vizuri yule babu.

"Guka, ati mmetoka Kibera? Na mkatembea tu?"

Mama Mwalimu akaziba mdomo. Mimi niliacha msuko.

Mzee akageuka polepole. Kidole cha kulia, kile kilichokuwa kimelala, kikaondoka juu ya goti, kikainuka mpaka kikamwelekea yule msichana. Alilitafuta neno. Nje mtu alikuwa anaita abiria wa kwenda tao, mjini, na mahali fulani mtu alikuwa anapiga misumari.

"Ondoa," akasema. Akavuta pumzi, ile ya chini kabisa, ya kuinulia mtungi. "Ondoa hiyo."

Msichana akatukodolea macho. "Niondoe nini?"

Mzee akafunga mdomo, akatabasamu na upande ule mmoja. Neno lililobaki alilijua kuliko mtu yeyote duniani, aliishi nalo peke yake miezi mingi, na hakuna nguvu ambayo ingemfanya alitamke. Akanigeuzia kidole mimi.

"Mmetembea," nikamwambia msichana. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa na mafuta. "Sema tena, vizuri. Mmetoka Kibera, na mmetembea."